Dada Fundi, Ninunue ya 5G?

Swali hili hufika mezani kwangu karibu kila wiki, na wanaouliza hawafanani: mwanafunzi wa chuo, mwendesha bodaboda, mama anayeuza ndizi, mzee aliyepokea kiinua mgongo juzi. Mimi ni fundi simu, kibanda changu kipo upande wa Mbuyuni hapa Moshi mjini. Nilianza kazi hii wakati simu nyingi zilikuwa za vitufe na ugonjwa mkubwa ulikuwa spika iliyoingia maji. Leo meza imejaa vioo vilivyopasuka, betri zilizovimba, na simu ambazo wenyewe wanasema zimechoka kumbe zimejaa tu. Muuzaji huiona simu siku inapotoka dukani. Mimi huiona inaporudi, na hapo ndipo nilipojifunzia haya ninayoyaandika.

Kabla ya kujibu, huwa nauliza: unalala wapi?

Watu hushangaa. Lakini mtandao wa simu ni mawimbi ya redio, na mawimbi yana tabia zake. Yale ya masafa ya chini, tuseme MHz 700 hadi 900, huenda mbali na kupenya kuta. Ya juu hubeba data nyingi zaidi, ila hayafiki mbali na huzuiwa upesi. 5G, yaani kizazi cha tano cha mtandao wa simu, yenye kasi ile inayotangazwa hutegemea zaidi masafa ya karibu na MHz 3,500. Mjini, minara ikiwa jirani jirani, hilo halisumbui. Ukianza kupanda kuelekea Kibosho au Uru mambo hubadilika. Mlima wetu umekatwakatwa na makorongo, nyumba zimo ndani ya vihamba katikati ya migomba na miti mirefu, na kila familia inaijua ile kona ya uwanja ambapo simu hushika. Nimewahi kupanda huko na simu mpya ya mteja mkononi, macho kwenye alama juu ya kioo. Ilianza 5G, ikawa 4G, ikawa H+ ambayo ni 3G, na kwenye bonde moja ikabaki E, yaani 2G. Mwenyewe alikuwa amelipia ile alama ya kwanza.

Alikuwa mwalimu mstaafu. Alikuja kibandani akiwa na boksi la simu na risiti ndani, vitu vyote vimepangwa vizuri.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Hebu nitazamie hii simu. Kijana wangu wa Dar es Salaam alisema ndiyo ya kisasa, lakini kule nyumbani naona ni kama ile ya zamani tu."

Niliikagua yote. Haikuwa na kasoro. Nikamwambia, "Simu ni nzuri mwalimu, itakutumikia miaka. Ila kile ulichokiongezea pesa bado hakijapanda hadi kwako." Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali ambalo ningependa kila mnunuzi aulize kabla ya kutoa pesa: "Kwani wakati wa kununua hawapaswi kukuambia?"

Wanapaswa. Vodacom walizindua 5G hapa nchini Septemba 2022, mwezi uliofuata Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ikanadi masafa kwa kampuni za simu, na tangu hapo neno 5G limebandikwa kila mahali. Vijana wengi wanaofika kwangu wamesikia kwamba kasi yake ni Gbps 20, yaani gigabiti 20 kwa sekunde. Hicho ni kiwango cha juu kilichowekwa na Shirika la Mawasiliano Duniani, ITU, kupimia teknolojia yenyewe katika hali bora kabisa. Mtu aliyesimama stendi ya mabasi akiwa na simu yake mfukoni hawezi kukipata, na anayemuuzia simu kwa hesabu hiyo anamnyima taarifa anayoihitaji: mnara wa mtaani kwake una nini, na una watu wangapi.

Hili la watu wangapi sisi wa Kilimanjaro tunalijua kuliko wengine, kwa sababu ya Desemba. Ndugu zetu waliotawanyika nchi nzima hurudi kula Krismasi nyumbani, magari yanapanda Marangu, Machame na Rombo usiku na mchana, na kijiji kilichokuwa na wazee na watoto kinajaa ghafla watu wazima wenye laini mbili mbili. Mtandao unalala. Picha za ubarikio haziendi, mtu anapiga simu ya video anaona uso umeganda. Baada ya sikukuu wageni wanashuka mjini, na baadhi yao hupitia kwangu na simu za bei kubwa wakisema, "Dada, kule kwetu hii simu inakuwa haina nguvu kabisa, hebu iangalie."

Simu haina kosa. Mnara hugawa uwezo wake kwa wote waliounganishwa nao kwa wakati mmoja, na nyuma ya mnara kuna njia inayoupeleka mzigo huo mbele, ama faiba ama vile visahani vyeupe vya duara vinavyotazamana kutoka mnara hadi mnara. Njia hiyo ikiwa finyu, hata simu ya mamilioni itasubiri zamu yake. Wazee wetu waliochimba mifongo ya kuteremsha maji kutoka mlimani walilijua jambo hili vizuri: ukipanua mfereji ndani ya kihamba chako huku banio la juu limebaki jembamba, maji ni yaleyale. Mteja anayebadili simu ili apate kasi anapanua mfereji wa kwake. Mara nyingine inatosha, kama banio ni pana. Mara nyingi sivyo, hasa vijijini.

Na banio la juu kabisa liko baharini. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili inayopita chini ya bahari upande wa mashariki ya Afrika, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu kusini huko, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Kesho yake wateja walipanga foleni kibandani. Wengine walitaka niziflashi simu zao, wengine walikuwa wamekwisha kutupa laini na kununua mpya. Kulikuwa na simu za laki moja na nusu na simu za milioni mbili, zote zinazungusha kile kiduara. Niliwarudisha wote nyumbani na simu zao kama zilivyo, nikawaambia wasubiri. Hali ilirudi kidogo kidogo siku zilizofuata. Jirani yangu wakala, anayetoa na kuweka fedha kwa kubonyeza nyota na reli, alifanya kazi yake, kwa sababu menyu ile haihitaji intaneti. Siku zile ziliwafundisha watu wengi wa mtaa wetu kwamba kasi ya simu ni kipande kidogo cha safari ndefu.

Sasa nije kwenye bando, maana hapa ndipo watu wanapoumia bila kujua.

Binti mmoja wa chuo alihama kutoka simu ya 4G kwenda ya 5G. Anaishi Soweto, mtandao anaupata vizuri. Baada ya muda akarudi na malalamiko: simu inakula bando, labda ina kirusi. Nikamwonyesha hesabu kwenye karatasi. Bando la GB 1 likipakuliwa kwa kasi ya Mbps 100, yaani megabiti 100 kwa sekunde, huisha ndani ya sekunde 80. Hakuna mtu anayepakua hivyo mfululizo, ila programu za video zina tabia ya kupima mtandao na kupandisha ubora wa picha zenyewe. Mtandao ukiwa wa wastani YouTube huweza kukupa picha ya 480p, ambayo inahitaji kama Mbps 1.1. Ukiwa na kasi, inakupandisha hadi 1080p, inayotaka kama Mbps 5. Saa moja ya ile ya kwanza ni karibu nusu GB. Saa moja ya hii ya pili ni zaidi ya GB 2. Kwenye kioo cha inchi sita na nusu, ukiwa umelala kitandani, tofauti ya macho ni ndogo sana, tofauti ya pesa ni mara nne.

Tuliingia kwenye mipangilio ya kila programu tukapunguza ubora, tukazuia zile zinazojipakua picha na video zenyewe, tukaruhusu apdeti zije kwa Wi-Fi ya chuo tu. Simu ikaacha kula bando. Nasema wazi ninavyoamini: kwa mtu anayenunua data kwa siku au kwa wiki, mtandao wa kasi bila kudhibiti mipangilio ni njia ya kumaliza pesa haraka zaidi, na kampuni zinazouza bando hazina haraka ya kumweleza hilo. Ndiyo maana mimi humweleza kila anayeketi mbele yangu, hata kama alikuja kubandika kioo cha kinga.

Wapo wanaonufaika kweli, na ningekuwa nawadhulumu kama nisingewataja. Kaka mmoja hapa mjini anapiga picha na video za harusi na sendofu. Kazi yake haimalizikii ukumbini. Bibi harusi yuko Mwanza, mjomba yuko Kanada, kila mtu anataka video. Faili la GB 10 likirushwa kwa Mbps 5, na ujue kasi ya kurusha huwa ndogo kuliko ya kupokea, linachukua karibu saa nne na nusu, umeme ukikatika katikati unaanza upya. Kwa Mbps 50 ni chini ya nusu saa. Kwake hiyo ni tofauti kati ya kupokea kazi mbili na kupokea nne mwisho wa wiki. Alikuja kuniuliza simu gani ya 5G anunue. Nikamuuliza, "Video unarusha kwa simu au kwa kompyuta?" Kwa kompyuta. "Basi kaka, nunua ruta ya 5G uiweke studio, simu yako acha." Kabla ya kulipa tuliomba ruta ya majaribio, tukaipima dirishani na katikati ya chumba, asubuhi na jioni watu wanapotoka kazini. Dirishani ilivuta vizuri, ndani kabisa ilishuka. Sasa ipo dirishani, vifaa vyote vya studio vinaitumia, na simu yake ya 4G bado anayo.

Binamu yangu anayehariri video za watalii Arusha, kule Sakina, amefanya hivyohivyo. Mtu wa kurusha mizigo mikubwa, mtu ambaye faiba haijamfikia, mtu mwenye wateja wanaosubiri mtandaoni: hao sina shaka nao. Walipie.

Ila mteja wangu wa kawaida hayupo katika kundi hilo. Anatumia WhatsApp, anasikiliza mahubiri, anatuma pesa, anatazama mpira kipande kipande. Vyote hivyo vinatosheka na 4G nzuri. Akiniambia simu yake ni nzito, mara nyingi nikiifungua nakuta hifadhi ya GB 32 imejaa pomoni: kikundi cha familia, cha kikoba, cha jumuiya, cha kamati ya harusi iliyokwisha mwaka juzi, kila kimoja kimeshusha video zake. Simu za bei nafuu hutumia hifadhi ya aina ya eMMC ambayo ni ya taratibu kwa asili, na ikijaa inasuasua zaidi. Mwenyewe anaona WhatsApp inachelewa kufunguka, anasema mtandao mbovu. Namsafishia, namwachia kama sehemu ya kumi ya nafasi ikiwa tupu, namfundisha kuzuia video zisijishushe. Wengi huniambia simu imekuwa mpya.

Kisha betri. Betri ya lithiamu huchakaa kwa mizunguko ya chaji. Nyingi zikishapita mizunguko kama 500 hubaki na takribani asilimia 80 ya uwezo wake, na joto huharakisha. Simu inayochajiwa chini ya mto au juu ya dashibodi ya bajaji jua la Februari haitafika mbali. Kubadili betri ni sehemu ndogo sana ya bei ya simu mpya, na bado kuna watu wanatupa simu nzima kwa sababu ya betri. Jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi: mawimbi yakiwa dhaifu simu huongeza nguvu ya kurusha ili isikike na mnara, na hapo chaji inakwenda. Mteja wangu akiishi korongoni, namzimia 5G kwenye mipangilio ili simu isihangaike kuitafuta. Yule mwalimu wa Uru nilimfanyia hivyo, na chaji ikaanza kumfikisha jioni.

Sasa, kuna wakati mtu anahitaji simu mpya kweli, nami humwambia bila kuzunguka. Simu isiyopokea tena apdeti za usalama haifai kubeba programu ya benki. WhatsApp yenyewe iliacha kuhudumia matoleo ya Android yaliyo chini ya 5 mwishoni mwa 2023, na waliokuwa nayo walikuja kwangu wakidhani namba zao zimefungwa. Kwa hiyo ninapomshauri mtu anunue nini, kamera zake ngapi huwa sizitaji kwanza. Nataja miaka ya apdeti. Google walipoleta Pixel 8 mwaka 2023 waliahidi miaka saba, Samsung wakafanya hivyo kwa Galaxy S24 mwaka 2024. Simu nyingi za bei ya chini hupewa mwaka mmoja au miwili, na zipo ambazo boksi lake halisemi lolote. Baada ya hapo nauliza kama kioo chake na betri yake vinapatikana Moshi. Simu nzuri isiyo na vipuri hapa mjini ni simu ya kutumia mpaka siku ya kwanza itakapoanguka.

Tena kwa bei ileile, simu ya 4G mara nyingi huwa na kioo kizuri zaidi au hifadhi kubwa zaidi kuliko ya 5G, kwa sababu mtengenezaji aliyeweka chipu ya 5G lazima abane mahali pengine. Mnunuzi wa laki tatu au nne namwambia achague GB 128 za hifadhi kuliko alama ya 5G. Hilo atalihisi kila siku.

Waendesha bodaboda wananiumiza roho zaidi. Simu za mkopo zimewarahisishia wengi, sikatai. Unaweka kianzio, unalipa kidogo kila siku, unaondoka na simu kubwa. Lakini siku ukikosa kulipa simu inajifunga, na mwendesha boda ambaye wateja wake humpigia kwenye simu hiyohiyo anapoteza kazi siku anayoihitaji zaidi. Huniletea niifungue. Hiyo kazi siifanyi, mkataba ni mkataba. Ninachofanya ni kumkalisha anayetaka kuchukua mpya: zidisha malipo ya siku kwa siku zote za mkataba, ongeza kianzio, halafu linganisha na bei ya dukani. Kijana mmoja alipomaliza hesabu aliuliza taratibu, "Kwa hiyo dada, hapa nanunua simu moja na nusu?" Akachagua ya bei ndogo, akaweka akiba kwenye kikoba kwa kilichobaki.

Na feki zimerudi kwa sura mpya. Juni 2016 TCRA ilizima simu feki nchi nzima, watu wakajifunza kubonyeza *#06# kupata IMEI, namba ya utambulisho wa simu, na kuituma kwenda 15090 ili kuona aina halisi ya simu. Watu wamesahau. Siku hizi ninaletewa simu zinazoiga majina makubwa, juu zimeandikwa 5G na GB 512, ndani nikipima nakuta chipu ya zamani na hifadhi isiyofika hata robo ya hiyo. Alama ya 5G inayoonekana kwenye kioo ni picha tu iliyochorwa na programu. Bonyeza *#06# ukiwa bado dukani, mbele ya muuzaji, na utume namba hiyo kwenda 15090. Jina litakalorudi lisipofanana na lililo kwenye boksi, rudisha simu.

Hata simu halali kutoka nje inataka uangalifu. Mama mmoja wa Kiboriloni aliletewa iPhone na mwanawe anayeishi Marekani, zawadi ya upendo kabisa. Akaja nayo kwangu akitafuta mahali pa kuweka laini, akageuza kila upande. Hakuna. iPhone zinazouzwa Marekani kuanzia toleo la 14 hazina tundu la laini, zinatumia eSIM peke yake, laini iliyojengwa ndani ya simu. Bahati mitandao kadhaa hapa nchini imeanza kutoa eSIM, tukaenda naye ofisini na kitambulisho chake cha NIDA, ikakamilika. Angekuwa ameinunua mkononi mwa mtu na hana wa kumwongoza, angeiuza kwa hasara wiki hiyohiyo.

Nikitazama nyuma miaka yangu ya kazi, mabadiliko makubwa niliyoyaona kwa watu yalitokea pale mtandao ulipofika mahali ambapo haukuwepo. M-Pesa ilianza nchini mwaka 2008 na ikabadilisha maisha ya akina mama wa Mbuyuni kwa simu za tochi, juu ya 2G, kwa menyu ya maandishi matupu. Muuza ndizi aliyekuwa anafunga fedha kwenye kanga akaanza kuzipokea kabla mzigo haujashuka kwenye gari. Hatua ya pili ilikuwa 4G na simu janja ya bei nafuu: bibi wa Old Moshi akaona uso wa mjukuu aliyezaliwa mbali. Kutoka hapo kwenda 5G, kwa bibi huyo, sioni anachoongezewa.

Wapagazi wa Mlima Kilimanjaro ni wateja wangu pia, simu zao huja na vumbi la Shira na maji ya mvua ya msituni. Agosti 2022 shirika la simu la TTCL lilifikisha intaneti kambi ya Horombo, mita 3,720, na kabla mwaka haujaisha ikafikishwa kilele cha Uhuru, mita 5,895. Wengi waliizungumzia kama jambo la watalii kurusha picha. Mpagazi mmoja aliyekuja kubadili betri aliniambia habari nyingine: mgeni akizidiwa na ugonjwa wa mwinuko, wanaweza kuwasiliana na walio chini mapema, wakaeleza hali yake, wakajua machela ikutane nao wapi. Hakutaja kasi hata mara moja. Kwake muhimu ulikuwa kwamba ujumbe umeenda.

Ndiyo maana habari iliyonifurahisha kuliko uzinduzi wowote wa 5G ilikuwa ya Mei 2023, serikali kupitia Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote iliposaini mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 vijijini. Haikupambwa kwa mabango barabarani. Lakini mnara mmoja kama huo ukisimama mahali ambapo watu hupanda kichuguu ili kutuma fedha za dawa, unafanya kazi kubwa kuliko minara kumi ya kuongeza kasi katikati ya mji ambao tayari una 4G.

Kwa hiyo ukifika kibandani ukaniuliza, nitakuuliza unalala wapi, unafanya kazi gani, na simu uliyonayo inakuudhi kwa lipi hasa. Uje nayo ikiwa na chaji, nianze kwa kuangalia hifadhi na betri. Kama ni ruta unataka, tuombe ya majaribio kwanza, na tuipime saa moja usiku, mtaa mzima ukiwa umerudi nyumbani.